Mbuzi wa maziwa Konde: shajara ya mwaka wa kwanza

9 Agosti

Banda limekwisha leo alasiri. Limesimama juu ya nguzo za mvinje, sakafu iko mita moja kutoka ardhini, na sakafu yenyewe ni mbao za mnazi zilizopasuliwa nyembamba, zikapigiliwa kwa kuachana sentimita moja na nusu. Nafasi hiyo nimeisimamia mwenyewe, ubao kwa ubao, maana fundi alikuwa anapima kwa kidole. Ikiwa ndogo, mavi hayapiti na mbuzi analala juu ya uchafu. Ikiwa kubwa, mguu unazama na kuvunjika. Mwisho nilimchongea kijiti chenye unene huo huo, akawa anakiweka baina ya mbao mbili kabla ya kupiga msumari. Paa ni makuti.

Shamba letu la hapa Konde, kaskazini mwa Pemba, ni eka tatu alizopewa babu wa mume wangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Lina mikarafuu, minazi, mihogo, na mifenesi mitatu mpakani. Ng'ombe tungemlisha wapi? Majani anayokula ng'ombe mmoja wa maziwa yanatosha mbuzi watano au sita. Nataka maziwa ya kila siku nyumbani, yanayobaki yauzwe, na yasiyouzika yageuzwe kitu chengine: mtindi, jibini, sabuni.

Kibanda cha beberu kiko peke yake, kaskazini mwa banda la majike, hatua thelathini. Upepo wa kusi unavuma, kwa hiyo harufu yake itachukuliwa kule kule kwenye mikarafuu. Naliandika hili mapema kwa sababu kila niliyemwambia habari ya maziwa ya mbuzi alinijibu neno moja: yananuka.

24 Agosti

Wamefika. Majike wawili waliochanganya damu ya Saanen, mbuzi wa maziwa wa Ulaya, na mbuzi wa kienyeji, wote wana mimba, pamoja na beberu aliyewapanda. Nimewanunua kwa mfugaji wa Unguja. Wamekuja kwa boti mpaka Mkoani, kisha kwa gari kukata kisiwa kizima kutoka kusini hadi huku kaskazini. Nilikuwa nimewawekea pakacha la majani ya mfenesi, hawakuligusa mpaka magharibi. Maji wamekunywa ndoo nzima.

Mweupe mwenye masikio ya kusimama tumempa jina la Kibibi. Mwenye mabaka ni Madoa. Mbuzi watatu wa kienyeji niliwanunua Micheweni wiki iliyopita, lakini hawachanganywi na wageni kwanza. Daktari wa mifugo wa wilaya kasema wiki tatu wawe mbali, kila kundi na ndoo yake na mtu wake wa kulisha.

Baba mkwe alisimama mlangoni akiwatazama, akauliza: "Unguja si ndiko kwenye mbung'o?" Nikamwambia mbung'o wa Unguja walikwisha. Kati ya 1994 na 1997 yalimwagwa kwa ndege madume waliofanywa tasa kwa mionzi, majike wakapandwa na wasizae, mpaka wakamalizika. Akatikisa kichwa, akasema kumbe mdudu anamalizwa kwa kuongezewa wenzake.

15 Septemba

Wiki tatu zimetimia, hakuna aliyekohoa wala kuharisha. Wamechanganywa. Kibibi kapigana na mmoja wa Micheweni nusu saa, halafu wakala pamoja.

3 Oktoba

Kuhusu chakula. Asubuhi wanapata majani ya mfenesi na ya mti wa lusina. Lusina ni chakula kizuri, ina protini nyingi, lakini siiachii ipite theluthi moja ya majani ya siku kwa sababu ina sumu yake ikizidi. Majani ya mihogo nayakata leo, nayaanika, nawapa kesho yakishanyauka. Mabichi yana sumu inayoweza kumuua mbuzi kwa saa chache. Jioni pumba za mpunga zilizochanganywa na chicha ya nazi. Chicha iwe ya siku ile ile. Ikilala inachacha, na mbuzi anajua, anaisukuma kwa pua. Jiwe la chumvi linaning'inia kwenye nguzo.

2 Novemba

Kibibi kazaa alfajiri, pacha, jike na dume. Jike kilo mbili na karibu robo, dume kilo mbili na nusu kasoro kidogo. Nimewapima kwa mizani ya karafuu, wamefungwa ndani ya kanga.

Dume alisimama mwenyewe. Jike hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nikakama dang'a, maziwa ya mwanzo baada ya kuzaa, kidogo kidogo kwenye kikombe, manjano, nzito kama uji, inanata vidoleni. Nikampa kwa chupa ndogo kila baada ya saa mbili. Kitoto cha mbuzi kinazaliwa bila kinga yoyote mwilini, kinga yote imo ndani ya dang'a, na utumbo wake unaweza kuipokea siku ile ya kwanza tu. Siku ya kwanza kinatakiwa kinywe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwanangu mkubwa hakwenda skuli leo mpaka saa nne, alikuwa ameshika chupa. Saa nane mchana katoto kakasimama, kakaenda chini ya mama yake kenyewe. Ana nywele zimesimama juu ya kipaji, tumemwita Shungi.

10 Novemba

Maziwa ya kwanza ya nyumbani. Usiku watoto wanalala chumba chao, alfajiri nakama, kisha wanakaa na mama yao mpaka jioni. Leo Kibibi katoa gramu mia nane za mizani, kwenye lita ni karibu hiyo hiyo. Wa Micheweni mmoja aliyezaa anatoa kikombe kimoja tu cha chai.

Namna ninavyokama, niiandike ili mume wangu afuate siku nisipokuwepo: mikono inaoshwa kwa sabuni, kiwele kinafutwa kwa kitambaa cha maji ya moto na kukaushwa. Matone matatu ya mwanzo kutoka kila chuchu yanaingia kwenye kikombe cheusi, yanatazamwa kama yana mabonge. Yakiwa na mabonge kiwele kina ugonjwa na maziwa hayo hayaingii ndooni. Ukimaliza, chuja kwa melimeli, kisha sufuria motoni. Hayanywewi mabichi katika nyumba hii. Brusela, ugonjwa wa mifugo, inamtoka mbuzi ikamwingia mtu kwa njia ya maziwa, na homa yake hairidhiki kuondoka.

Nimempelekea jirani yangu mkubwa kikombe. Kanywa chote. Kasema: "Mwanangu, matamu. Sikutegemea."

21 Novemba

Madoa kazaa mmoja, jike. Salama.

12 Disemba

Jirani yangu amenirudishia kikombe kimejaa nusu. Ni mtu wa haya, hakutaka kusema, nikambana. "Mwanangu, leo yananuka beberu."

Nimeyaonja mwenyewe. Kweli. Si sana, lakini baada ya kumeza inabaki kooni.

14 Disemba

Nimetupa ndoo ya plastiki. Plastiki inachubuka ndani na kwenye michubuko mafuta ya maziwa yanabaki hata ukisugua vipi. Nimenunua ya chuma isiyoshika kutu. Maziwa yananuka vile vile.

17 Disemba

Nimeondoa chicha kwenye chakula siku tatu. Vile vile. Nimepunguza lusina. Vile vile. Maziwa yamepungua tu.

20 Disemba

Leo nimepata jibu, na sikulipata kwa akili yangu.

Nilikuwa nakama, baba mkwe amekaa juu ya gogo anashona wavu. Miaka arubaini kavua huyu, anaijua bahari ya Tumbe na Msuka kama mimi ninavyolijua jiko langu. Nikawa namlalamikia kwamba nimebadilisha kila kitu na harufu haitoki. Hakunijibu. Kalamba kidole, kakinyanyua juu. Kisha kanionesha kwa kidevu kibanda cha beberu. "Mwanangu, kaskazi imeshaingia."

Nilibaki nimeshika chuchu ya mbuzi. Nilikijenga kibanda Agosti, kusi inavuma, nikamweka beberu kaskazini ili upepo umchukulie harufu mbali. Sasa upepo umegeuka. Kaskazi inapita juu ya beberu kwanza, ndiyo inafika kwenye ndoo yangu. Mafuta ya maziwa yanashika harufu upesi, khasa maziwa yakiwa bado moto na ndoo iko wazi.

Nimejaribu ili niwe na yakini. Nimekama vikombe viwili kwa Kibibi huyo huyo. Kimoja nimekiacha wazi bandani robo saa. Cha pili nimekifunika kawa pale pale na kukipeleka jikoni. Nimevichemsha mbali mbali na kumpa mume wangu bila kumwambia kipi ni kipi. Cha kwanza kakiweka chini baada ya funda moja.

Kwa hiyo mbuzi jike hana kosa. Kosa lilikuwa langu, la kuweka kibanda kwa upepo wa msimu mmoja.

5 Januari

Kibanda cha beberu kimehamishwa. Nilitaka kukiweka kusini, baba mkwe akanikataza: Aprili kusi ikirudi nitakuwa pale pale. Kasema pepo zetu zote mbili zina asili ya mashariki. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kusi inatoka kusini-mashariki. Atakayekaa magharibi atakuwa chini ya upepo mwaka mzima. Basi beberu sasa yuko magharibi, hatua hamsini, nyuma ya mikarafuu miwili ya zamani. Anayemlisha hakami siku hiyo mpaka abadilishe nguo, kwa sababu harufu ile inakaa kwenye kanga na mikononi.

9 Januari

Jirani kanywa kikombe chote.

27 Februari

Ramadhani inaingia siku hizi. Watu watano wameweka maagizo ya mtindi. Kibibi yuko kwenye lita moja na robo kwa siku, Madoa lita moja, wa Micheweni wote watatu pamoja hawafiki lita. Nauza shilingi 3,000 kwa lita, mtindi 3,500.

Mtindi wa mbuzi ni mwepesi kuliko wa ng'ombe, hausimami kama jiwe. Mwanzoni nilidhani nimekosea. Nimegundua nikiyaacha maziwa motoni kwa moto mdogo yakapungua kidogo, halafu nikayapoza mpaka kidole kinavumilia, nikatia kijiko cha mtindi wa jana na kulivika sufuria blanketi usiku kucha, linakuwa zito la kutosha kuliwa kwa wali. Wateja nawaambia mapema: si mtindi wa ng'ombe, msitegemee ule ule.

Mmoja kaniuliza kama mtoto wake wa miezi minne anaweza kupewa maziwa ya mbuzi badala ya ya mama. Nimemwambia hapana. Hayana vitamini ya foleti ya kutosha kwa mtoto mchanga, na mengine mengi hayamo kwa kipimo chake. Pia wapo wanaosema mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anywe ya mbuzi tu. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, wengi wao wanadhurika vile vile. Sitauza chupa kwa maneno nisiyoyaamini.

8 Machi

Umeme ulikatika tangu saa tatu usiku mpaka asubuhi. Tangu 2010 tunao waya wa baharini kutoka Tanga na siku nyingi hauna shida, lakini usiku mmoja unatosha. Lita nne zilichacha. Sasa chupa za maji zinakaa kwenye friza muda wote. Umeme ukienda nazipanga kuzunguka maziwa ndani ya ndoo yenye mfuniko.

16 Aprili

Masika yameshika. Mvua siku ya sita mfululizo. Majani ya kukata yamelowa, banda lina unyevu, na mimi nina homa.

23 Aprili

Mtoto wa Madoa amekufa.

Nitaandika ilivyokuwa. Wiki ile nilipokuwa na homa hapakuwa na wa kukata majani. Mwanangu akawa anawatoa alfajiri kabla ya skuli na kuwafunga kamba bondeni, karibu na mashamba ya mpunga, ambako majani ni mabichi na mafupi. Hakuna aliyemwambia asifanye. Viluwiluwi vya minyoo vinapanda juu ya jani wakati wa umande, jua likikaza vinashuka. Alfajiri ya masika bondeni ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kumlisha mbuzi.

Jumatatu nilipoamka nilimwona katoto ana uvimbe chini ya taya, laini, kama kaficha maji mdomoni. Nikavuta kope ya chini. Ndani ilipaswa kuwa nyekundu kama ndani ya mdomo wangu. Ilikuwa nyeupe kama karatasi. Minyoo ya tumbo ilikuwa imemmaliza damu. Nilimpa dawa saa ile ile. Daktari wa mifugo alikuja baadaye mvuani kwa pikipiki, akasema dawa ni sahihi lakini damu iliyokwishanyonywa hairudi kwa siku moja. Jumatano alfajiri tulimkuta amelala ubavu.

Dawa ilikuwa kabatini tangu Januari. Haikuwa ukosefu wa dawa, ilikuwa ukosefu wa kutazama.

25 Aprili

Daktari kaniachia nakala ya kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini: rangi tano za ndani ya kope, kutoka nyekundu mpaka nyeupe. Nimewapitia wote. Kibibi ni wa pili, salama. Madoa wa nne, kapewa dawa. Wawili wa Micheweni ni wa kwanza, kama hawakuguswa na kitu. Nilitaka kuwapa dawa wote kwa mara moja, nikakatazwa: ukiwapa wote kila mwezi, minyoo inayobaki ni ile isiyosikia dawa, na mwakani huna cha kuwapa. Anapewa anayehitaji tu. Maziwa ya Madoa hayanywewi wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Mwanangu kaomba kazi ya kope iwe yake. Kila Ijumaa akitoka msikitini anawapitia, anaandika kwenye daftari lake la hesabu la zamani.

6 Mei

Kusi imerudi. Leo asubuhi niliogopa kuonja. Nimeonja. Hakuna kitu.

1 Juni

Maziwa yanazidi wanunuzi tangu Ramadhani ipite, kwa hiyo nimeanza kuyageuza.

Samli nimeiacha. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yana punje ndogo mno, hayapandi juu yakawa malai kama ya ng'ombe. Usiku mzima nilipata utando usiojaza kijiko.

Jibini imekubali. Lita nne nazipasha mpaka zikaribie kuchemka, naepua, natia maji ya ndimu kidogo kidogo huku nakoroga taratibu. Kuna dakika ambayo sufuria yote inageuka: maziwa yalikuwa meupe, ghafla yanakuwa mawingu madogo ndani ya maji ya kijani-kijani. Hapo naacha mkono. Namimina kwenye melimeli, natia chumvi, naning'iniza juu ya beseni mpaka asubuhi. Nimepata gramu mia tano na hamsini. Hapa Konde hakuna anayeulizia jibini, nikaipondaponda na kitunguu, bizari na pilipili, nikaitia ndani ya sambusa. Sambusa thelathini ziliisha kabla ya isha. Maji yaliyobaki nakandia unga wa mikate.

14 Juni

Kibibi alikuwa anapiga kelele tangu jana na kutikisa mkia. Amepandwa leo. Akizaa kwa hesabu ya siku mia na hamsini ni tarehe 11 Novemba.

29 Juni

Sabuni. Wanawake wa Kidoti kule Unguja wamejulikana kwa sabuni ya mwani. Mimi nina maziwa na niko Pemba, kwa hiyo mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kutoka kiwanda cha Wawi hayako mbali.

Gramu 500 za mafuta ya nazi, gramu 500 za mawese, gramu 154 za kostiki soda, gramu 330 za maziwa. Maziwa yawe yamegandishwa. Ukitia kostiki kwenye maziwa ya maji yanaungua, yanageuka rangi ya machungwa na kunuka. Kostiki ndiyo inayomwagiwa kwenye maziwa, kidogo kidogo, nje, glavu mikononi, watoto mbali. Kinyume chake inaruka usoni.

Mafungu mawili ya mwanzo yalikwenda vizuri. La tatu nilitia mafuta ya makonyo mengi nikitaka harufu kali, mchanganyiko ukashikamana sufuriani kabla sijaumimina, kama ugali. Makonyo yanaharakisha, na yakizidi yanawasha ngozi. Sasa ni gramu nane kwa kila kilo ya mafuta. Vipande viko juu ya chanja, vinakaa wiki nne ndipo vitumike.

5 Julai

Siku ishirini na moja zimepita, Kibibi hajarudi kwenye joto. Kashika.

16 Agosti

Kibibi kapungua mpaka nusu lita. Tarehe 11 Septemba nitamkausha, miezi miwili kamili kiwele kipumzike kabla ya kuzaa. Sabuni vipande arubaini na mbili vimeuzwa, vingi Wete. Kope zote za Ijumaa hii ni nyekundu isipokuwa mmoja wa Micheweni, wa tatu, anatazamwa tena baada ya siku saba.

Shungi ana miezi tisa, kilo ishirini na tatu, na ameanza kumwita beberu usiku. Beberu yule ni baba yake, hawezi kumpanda. Nimeongea na mfugaji mmoja wa Ole mwenye beberu wa damu nyengine, tutabadilishana. Anakuja Jumamosi na gari ya ng'ombe. Nimemwomba avute kope za beberu wake na kuzitazama kwenye mwanga kabla hajampakia, na akifika atakaa wiki tatu peke yake, huko magharibi, mbali kupita kibanda.